Redio ya gari la zamani na habari za "dijitali": yanayosemwa Arusha na Moshi, na ukweli wake

Gari likishatoka bandarini na kufika Arusha au Moshi, lalamiko la kwanza la mwenye gari mara nyingi ni redio. Anatafuta stesheni kuanzia mwanzo hadi mwisho, anapata mbili tatu, basi. Akiuliza mtaani anaambiwa redio yake imepitwa na wakati, anunue ya dijitali. Fedha huanza kupotea hapo, kwa sababu tatizo la gari lake si hilo hata kidogo. Inaniuma kuona mtu wa Corolla au Noah ya zamani analipia kitu kisichoweza kumsaidia, wakati dawa yake ipo na ni ndogo.

"Redio inakamata stesheni chache, kwa hiyo ni mbovu"

Redio ni nzima, ila ilitengenezwa kwa ajili ya Japani. Kule FM ilipangiwa masafa ya 76 hadi 90 MHz, maana yale ya 90 hadi 108 yalikuwa yameshachukuliwa na chaneli za 1 hadi 3 za televisheni. Huku kwetu FM ni 87.5 hadi 108. Ukiziweka bendi hizo mbili pamoja, zinakutana kwenye kipande kidogo tu, 87.5 hadi 90, na stesheni unazozisikia kwenye gari lako ni zile zilizobahatika kuwa humo.

Japani walizima televisheni ya analojia mwaka 2011, mikoa michache ikamalizia 2012, na mwisho wa 2014 wakaanza kuitumia 90 hadi 95 kwa redio. Ndiyo maana baadhi ya magari ya miaka ya karibuni redio zake zinafika 95. Bado lakini 95 hadi 108 inabaki nje, na humo kuna stesheni nyingi.

Kwa hiyo kabla hujampigia fundi, panda namba hadi juu kabisa uone inageukia wapi. Ikigeuka kwenye 90.0 au 95.0, shida yako ni masafa. Ikifika 108 na bado stesheni ni chache na zinakwaruza, shida iko kwenye antena, na hiyo nitaifikia.

"Dawa ni kuongeza DAB"

Hili ndilo linalowapotosha wengi, na halijatoka hewani tu. DAB ni redio ya kidijitali ya kweli. BBC walianza kuirusha Uingereza mwaka 1995. Haitumii bendi ya FM kabisa. Inapita juu zaidi, kati ya 174 na 240 MHz, na stesheni kadhaa hupakiwa pamoja kwenye kifurushi kimoja chenye upana wa takriban MHz 1.5. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwisho wa 2020 gari jipya likiuzwa na redio ni lazima redio hiyo iweze kupokea matangazo ya kidijitali. Norway nayo ilizima FM ya stesheni za kitaifa mwaka 2017. Mtu akisoma hayo mtandaoni, ni haki yake kudhani na sisi tuko njia hiyo hiyo.

Arusha na Moshi redio ya gari inatufikia kwa FM. TBC Taifa, Radio 5, Sauti ya Injili, zote unazipata kwenye bendi ile ile ya siku zote.

Niliwahi kuwa gereji moja ya Unga Ltd alipoingia mama mmoja na boksi dogo. Fundi akamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Kijana wangu kaniletea hii toka London, nifungie kwenye gari." Ndani ya boksi kulikuwa na kidude chenye kioo kidogo, waya wa kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, na antena nyembamba ya kubandika kwenye kioo cha mbele. Kwa barabara za London ni kifaa kizuri sana, kinaipa redio ya zamani stesheni nyingi bila kubomoa dashibodi. Fundi akakichomeka, akabonyeza kitafute. Mstari ukatembea kutoka kushoto hadi kulia, ukamaliza, ikatokea sifuri. Akarudia antena ikiwa nje ya dirisha. Sifuri tena. Kidude kilikuwa kizima kabisa, na kijana alikuwa na nia njema, lakini hewani hapakuwa na cha kupokea.

Hali ni hiyo hiyo kwa Land Rover au gari jingine lililotoka Uingereza likiwa na DAB ya kiwandani. Ukibonyeza DAB halitasema kitu, ukirudi FM litaimba vizuri kabisa, kwa kuwa FM ya Uingereza na yetu ni bendi moja. Na ukienda kununua redio ya tachi, muuzaji akakuongezea kijiti cha USB cha DAB kwa bei juu, mwambie akitoe.

Namba zinazowaka kwenye kioo cha redio nazo zisikudanganye. Zinaonyesha redio inavyojitafutia masafa. Matangazo yenyewe bado ni FM.

"Hata hivyo FM itazimwa, kama TV zilivyozimwa"

Watu wa Dar es Salaam waliona TV za analojia zikizimwa tarehe 31 Desemba 2012, na mwaka 2013 ikafika zamu ya miji mingine, Moshi na Arusha ikiwemo. Bila king'amuzi, kioo kikawa chenga tupu. Hofu ikabaki.

Ule mpango ulikuwa wa televisheni. Makubaliano yake yalifikiwa Geneva mwaka 2006 na yaligusa masafa ya 174 hadi 230 na 470 hadi 862 MHz. FM inakaa chini ya hapo, na inaongozwa na mpango mwingine kabisa, uliopangwa Geneva mwaka 1984. Kuzimwa kwa TV hakukuifanya redio ya gari lako isubiri zamu yake.

Nikiwa bado kwenye TV: lile neno TV kwenye kioo cha gari la Japani nalo halitakusaidia. Kule wanatumia mfumo wa ISDB-T, sisi tunatumia DVB-T2. Kubadilisha antena hakutaifanya ionyeshe.

"Ekspanda inaleta stesheni zote"

Ekspanda ni kile kiboksi kidogo kinachokaa kati ya waya wa antena na redio. Upande mmoja unachomeka antena, upande wa pili unaingia nyuma ya redio, na kuna waya mwekundu wa kupata umeme wa volti 12. Kazi yake ni kuishusha bendi yetu hadi redio ya Kijapani iweze kuifikia. Ni kifaa cha bei nafuu na kwa gari nyingi ndicho ningekianza nacho. Lakini hesabu yake wanaoiuza hawaielezi.

Chukua ekspanda inayoshusha kwa 12. Stesheni ya 98.4 utaikuta kwenye 86.4. Redio yako inaishia 90, kwa hiyo cha juu kabisa utakachopata ni 102. Stesheni ya 105.7 itaangukia 93.7, na redio haifiki huko. Ukichagua ya kushusha kwa 18 utapata kuanzia 94 hadi 108, lakini zile za 88 hadi 93 unaziaga. Bendi ya Japani ina upana wa MHz 14, yetu ina zaidi ya 20. Kubwa haiwezi kuenea kwenye ndogo, fundi awe hodari namna gani. Mwenye redio inayofika 95 ana nafuu: kwa kushusha 12 anapata 88 hadi 107, karibu yote.

Kwa hiyo andika kwanza stesheni unazosikiliza kweli, na masafa yake, ndipo uende dukani. Wengi wananunua iliyopo tu, kisha wanamlaumu fundi.

Jambo jingine: stesheni yenye mnara karibu na kwako, iliyo chini ya 90, inaweza kupenya bila kushushwa na kukaa juu ya stesheni nyingine. Ukisikia wawili wanaongea kwa pamoja ukiwa katikati ya mji, na ukifika Usa River mmoja ananyamaza, ndiyo sababu yake.

"Redio ya tachi inamaliza kila kitu"

Inamaliza suala la masafa, ndiyo, kwa sharti kwamba aliyeifunga aliingia kwenye mipangilio. Redio nyingi za Android zina sehemu ya kuchagua eneo: Japani, Marekani, Ulaya na kadhalika. Ikiachwa Japani, umenunua redio mpya yenye ugonjwa wa zamani. Ikiachwa Marekani kuna mtego uliojificha: FM ya Marekani inaruka kwa 0.2 na kutua kwenye namba witiri tu, 98.1, 98.3, 98.5. Stesheni ya 98.4 inarukwa, au inasikika imepinda kidogo, na mwenye gari anadhani ni antena. Weka Ulaya.

Pima na tundu la dashibodi pia. Redio nyingi za Toyota zina upana wa milimita 200, wakati zile za kawaida za saizi ya double DIN, yaani zenye kimo cha redio mbili, zina takriban 178, kwa hiyo unahitaji vipande vya kuziba pembeni. Bila hivyo inabaki na mianya, vumbi la barabara ya Ngaramtoni linaingia, na redio inacheza kila tuta.

"Modyuleta na simu ni za kubahatisha"

Modyuleta ya FM, ile ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, ni kituo kidogo cha redio ndani ya gari lako. Inahitaji masafa ambayo hayana mtu. Kwenye redio ya Kijapani una nafasi kati ya 87.5 na 90 tu, na masafa yaliyo tupu Arusha mjini yanaweza kuwa na mwenyewe ukikaribia Boma Ng'ombe. Ikianza kukwaruza njiani, hamisha masafa kwenye modyuleta na kwenye redio.

Gari likiwa na tundu la AUX, achana na modyuleta. Kipokezi cha Bluetooth kilichochomekwa AUX kinatoa sauti safi zaidi, na hakigombani na stesheni yoyote.

Simu ndiyo inayotupatia redio ya kidijitali kwa maana halisi, kupitia intaneti. Wengi wanaikwepa kwa kuogopa bando. Stesheni inayorushwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde inakula takriban MB 29 kwa saa. Ya kilobiti 128, kama MB 58. Arusha hadi Moshi, kilomita 80 hivi, hata ukitumia saa mbili kwa foleni za Tengeru na Usa River, hufiki MB 120. Video fupi chache zinakula zaidi ya hapo. Udhaifu wake ni mtandao kukatika, na kuchelewa: ukisikiliza mpira kwa simu nje ya Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, utasikia kelele za goli kabla mtangazaji hajafika kwenye boksi.

"Sauti ikikwaruza, badilisha redio"

Angalia antena kwanza. Magari mengi ya Japani antena yake imechorwa kwenye kioo, na ina busta, yaani kikuza mawimbi, inayohitaji umeme. Umeme huo unatoka kwenye waya wa bluu wa redio. Mafundi wengi wakifunga redio mpya wanauacha waya huo ukining'inia, kwa sababu redio inaimba hata bila yake pale mjini. Ukipanda Marangu au ukielekea Longido, mlima ukikaa kati yako na mnara, ndipo unapogundua. Kuuunga ni kazi ya dakika chache.

"Rangi za waya ni zile zile"

Kwenye redio za kununua dukani, njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa swichi, nyeusi ni ya bodi. Waya za kiwandani za Toyota zina rangi zake nyingine, kwa hiyo fundi apime kwa mita, asikisie. Nunua soketi ya kuunganishia ya gari lako ili waya za kiwandani zisikatwe. Na usikubali njano na nyekundu kuunganishwa pamoja eti redio iimbe bila funguo: inabaki ikinyonya betri usiku na mchana, na asubuhi gari haliwaki.

Redio ya Kijapani yenye ramani, usiichomolee betri kabla ya kuuliza. Baadhi zikikosa umeme zinajifunga na kudai namba ya siri, nyingine hazifunguki bila kadi yake ya ramani. Kama kadi ipo kwenye tundu lake, hata kama ramani yenyewe ni ya Osaka, iache humo humo.