Mshipa si Mrija: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Ubongo, Ugwe wa Mgongo na Neva

Neno mshipa tumelibebesha mzigo mkubwa kupita kiasi. Mrija wa damu ni mshipa, kano inayofunga msuli kwenye mfupa ni mshipa, hata ngiri wengine huiita mshipa, na neva inayopeleka habari kati ya ubongo na viungo nayo ni mshipa wa fahamu. Kwa sababu hiyo, hapa Nairobi, mwenye ganzi miguuni kutokana na kisukari na mwenye mguu uliovimba kwa damu iliyoganda hujieleza kwa maneno yale yale, kwamba mishipa imeziba, kisha wote wawili hutafuta mtu wa kuwakanda. Kumkanda huyo wa pili kwaweza kulisukuma bonge la damu hadi kwenye mapafu. Ama yule wa kwanza, hana kilichoziba ndani ya neva, kwa kuwa neva haina tundu: ni fungu la nyuzi nyembamba, kila uzi ukiwa mkono mrefu wa seli moja, na ule utokao kiunoni hadi kwenye kidole cha mguu hufikia takriban mita 1.

Walioelewa kwamba neva si mrija mara nyingi huangukia kosa la pili, la kuidhania kuwa waya wa stima. Ishara yake ni ya umeme kweli, lakini huzaliwa upya hatua kwa hatua, chembe za sodiamu zikiingia ndani ya uzi na za potasiamu zikitoka, na ndiyo maana mwendo wake una kikomo. Nyuzi zilizovikwa ala ya mafuta iitwayo mielini huweza kufikisha ishara kwa kasi ya mita 120 hivi kwa sekunde, ilhali zile nyembamba zisizo na ala, zinazobeba maumivu ya kuunguza yanayodumu, huenda mita 1 au 2 tu. Aliyewahi kushika sufuria ya moto kwenye jiko la makaa anaujua ukweli huu kwa ngozi yake: mkono hujiondoa kwanza, uchungu wa kuungua husikika baadaye. Amri ya kuuondoa mkono haikutoka kichwani, kama wengi wanavyoamini, bali ilitolewa na ugwe wa mgongo, ile kamba laini iliyomo ndani ya pingili, yaani mifupa ya uti wa mgongo, huku ubongo ukipata taarifa baadaye kidogo.

Ugwe huo ndio kiini cha dhana ninayoiogopa kuliko zote, kwa kuwa inagharimu maisha ya watoto: kwamba mtoto akitolewa maji ya mgongoni kwa sindano, ili apimwe homa ya uti wa mgongo, atapooza au atakufa. Ninaelewa inakotoka. Mtoto huletwa akiwa tayari hoi, hudungwa sindano, kisha hufa kwa ugonjwa uliochelewa kutibiwa, na mtaa mzima huikumbuka sindano na kuusahau ugonjwa. Lakini ugwe haufiki mwisho wa mgongo. Kwa mtu mzima huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na kwa mtoto mchanga huishia chini kidogo, karibu na ya tatu. Kwa hiyo daktari huingiza sindano chini zaidi, mahali ambapo pamebaki mizizi ya neva tu, inayoning'inia ndani ya maji kama singa za mkia wa farasi na inayosogea kando inapoguswa. Maji yenyewe hutengenezwa mfululizo: mtu mzima ana takriban mililita 150, na mwili wake huzalisha karibu mililita 500 kila siku, ilhali kinachochukuliwa kwa mtoto kwa kawaida hakijazi kijiko cha chai. Kuumwa kichwa baadaye kunaweza kutokea, na zipo hali, kama vile shinikizo kubwa ndani ya fuvu au damu isiyoganda vizuri, ambazo humfanya daktari aahirishe kipimo. Mzazi ana haki ya kuuliza kuhusu hayo yote kabla ya kukubali.

Jina homa ya uti wa mgongo nalo limetupotosha, maana maradhi hayo hushambulia utando unaoufunika ubongo na ugwe, si mifupa. Yale yanayoletwa na bakteria yasipotibiwa mapema huua, au humwacha mtoto kiziwi. Chanjo dhidi ya bakteria wawili kati ya wanaoyasababisha zimo katika ratiba ya watoto nchini Kenya, moja tangu mwaka 2001 na nyingine tangu 2011.

Kuhusu kifafa, bado wapo wanaoliogopa povu la mgonjwa kana kwamba linaambukiza. Povu hilo ni mate ambayo hakuyameza, basi, na degedege lenyewe ni matokeo ya seli nyingi za ubongo kurusha ishara kwa pamoja bila mpangilio. Ulimi haumezeki, kwa hiyo kijiko kinywani huvunja meno bure. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, tazama saa. Zikipita dakika 5, apelekwe hospitalini.

Dhana kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo haihitaji maneno mengi: kiungo chenye takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili hula karibu asilimia 20 ya nishati yake.

Kuna pia wasemao kwamba neva iliyokatika haiponi kamwe. Neva ya mkono au mguu ikishonwa huweza kuota upya, kiasi cha milimita 1 kwa siku, hivyo jeraha la begani hudai subira ya zaidi ya mwaka kabla vidole kupata chochote. Nyuzi za ugwe hazina bahati hiyo. Kwa hiyo aliyeangushwa na bodaboda asikokotwe kwa mikono na kukunjwa kwenye kiti cha matatu, ikiwa hakuna moto wala magari yanayomjia. Kichwa chake kishikwe kisitikisike hadi machela ifike, na akilazimika kugeuzwa, kichwa, shingo na mgongo vigeuke pamoja kama gogo moja.