Feda moja kwa fidla zote

Taarab asilia ina ala nyingi jukwaani kwa pamoja: fidla kadhaa, kanuni, udi, akodiani, dumbaki, waitikiaji, na mwimbaji mbele yao wote. Akianza ubeti, fidla sharti zishuke kidogo, kisha zipande tena kwenye kibwagizo. Ukizishusha moja moja kwenye mikseta, kila fidla kwa feda yake (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti), vidole havitoshi, na zikirudi hazirudi pale zilipokuwa. Uwiano uliouhangaikia mchana kutwa umekwenda.

Mimi huzifunga kwenye DCA, yaani feda moja inayoongoza kwa pamoja chaneli kadhaa (njia za sauti za kila ala). Mikseta ya Behringer X32 inazo nane. Feda ya DCA haipitishi sauti yoyote, inaamuru tu chaneli zilizo chini yake. Fidla moja ikiwa -5 na nyingine -8, nikashusha DCA desibeli 4, zinasikika kama ziko -9 na -12. Tofauti ya 3 ipo palepale, na feda zenyewe hazikusogea.

Kundi la sauti ni jambo jingine kabisa. Humo fidla huchanganywa kwanza, ndipo ziende spika kuu. Shusha feda ya kundi hilo usikilize: fidla zinapungua, mwangwi wao haupungui, kwa kuwa unatumwa kutoka kwenye chaneli, ambazo hukuzigusa, na unarudi kwa njia yake. Fidla zinasikika kama zimehamia chumba cha pili. Ukitumia DCA, mwangwi uliochukuliwa baada ya sauti kupita feda ya chaneli hushuka nazo. Monita za wapigaji (spika wanazojisikilizia), zikichukua sauti kabla ya feda, hazibadiliki, na ndivyo ninavyotaka. Mpiga fidla hapaswi kujipoteza katikati ya wimbo.

Waitikiaji ndio ninaowapeleka kwenye kundi la sauti, nipate kompresa moja (kifaa kinachopunguza sauti inapozidi) ya kuwabana pamoja. Ila usiweke chaneli zao kwenye DCA. Kompresa itapokea sauti ndogo, italegea, na desibeli 6 ulizoshusha hazitatoka 6. Weka kundi lenyewe kwenye DCA, pamoja na marejeo ya mwangwi wao.

Chaneli moja usiiweke kwenye DCA mbili bila sababu, maana zinajumlishana: -5 hapa na -5 kule ni -10. Na kabla ya onyesho anza na DCA zote kwenye 0, alama ambapo haziongezi wala hazipunguzi sauti. Hapo feda ina nafasi pana na kidole kinabadilisha sauti kidogo kidogo. Kule chini, msogeo uleule unaruka desibeli nyingi.