Maji kwenye picha ya kamera si lazima bomba limedidimia

Wenye nyumba wengi hapa Tanga wanaamini kwamba kamera ya bomba la maji taka ikionyesha maji yaliyotuama, bomba limedidimia na lichimbuliwe. Inawezekana ni kweli. Lakini mara nyingi maji hayo yamezuiwa na mafuta yaliyoganda, mizizi, au shimo la maji taka lililojaa hadi usawa wa bomba linaloingia.

Kwa hiyo, kwanza funua shimo. Likiwa limejaa, lifyonzwe kabla ya kulipia kamera. Kisha zibua bomba, mwaga ndoo kadhaa za maji safi, subiri yatulie, ndipo kamera ipite. Lenzi ikizama kisha ikaibuka mbele, andika mita zinazosomeka kwenye kebo mahali ilipozama na ilipoibuka. Hapo ndipo penye tumbo, yaani sehemu ya bomba iliyodidimia. Fundi asiyekupa vipimo hivyo viwili hajakuonyesha pa kuchimba. Isitoshe, picha peke yake haipimi mteremko.

Mteremko unaupima mwenyewe kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, uliojazwa maji kutoka chemba hadi chemba, ukishusha rula kutoka usawa wa maji ya mpira hadi sakafu ya bomba kila upande. Bomba la inchi 4 kwa kawaida hulazwa likishuka sentimita 2.5 kila mita 1. Hata hivyo kipimo hiki hutoa wastani tu: tumbo dogo katikati hujificha, na hapo kamera ina thamani kubwa.

Maji ya kina cha sentimita 1 yanayosukumwa kila choo kinapovutwa yanaweza kuachwa yakiangaliwa. Yakifika nusu ya bomba na kinyesi kinabaki, chimba sehemu hiyo, shindilia udongo, ulaze upya.