Je, wajua kwa nini taa ya treni ya mfano inahama yenyewe ukirudisha treni nyuma?

Zile treni ndogo za umeme zinazopatikana kwenye mitumba ya toys hapa Moshi na Arusha zina tabia moja ya ajabu. Ukipeleka treni mbele taa ya mbele inawaka, ukizungusha kontrola irudi nyuma, ile taa inazima na ya upande wa pili inawaka, na hakuna mtu aliyegusa kichwa cha treni. Sasa kinajuaje kinaelekea wapi?

Jibu unalolisikia mara nyingi ni kwamba ndani kuna betri na kiswichi kinachohisi magurudumu yanazungukia upande gani. Na hili wazo lina sababu, maana kichwa cha treni halisi, kama hivi vinavyovuta mabehewa ya abiria tangu huduma iliporudi Moshi 2019 na Arusha 2020, kina betri zake na dereva ndiye anayewasha taa, kwa hiyo mtu anaona ile ndogo lazima iwe imeiga kubwa. Lakini fungua ganda la treni ya mfano ya kawaida, zile za DC, yaani za umeme wenye chanya na hasi kama wa betri, hukuti betri wala sensa. Unakuta mota, gia, waya mbili zinazotoka kwenye magurudumu, na taa zenyewe, basi. Umeme wote unapanda kutoka kwenye reli: magurudumu ya kulia yanachukua wa reli ya kulia, ya kushoto wa kushoto, ndiyo maana gurudumu na mwenzake wa ng'ambo wametenganishwa na plastiki, la sivyo ingekuwa shoti papo hapo.

Halafu kuna kosa la pili linalofuata hilo la kwanza, kudhani reli moja ni chanya siku zote na nyingine hasi siku zote. Hapana. Ukizungusha kontrola kurudi nyuma unabadilisha chanya na hasi, ile reli iliyokuwa chanya inakuwa hasi, na mota ya DC ikipata umeme kinyume inazunguka kinyume. Kanuni inayotumika kote, hata NMRA, chama cha Marekani cha wapenzi wa treni za mfano, kimeiandika kwenye viwango vyao, ni kwamba reli ya kulia ikiwa chanya kichwa kinaenda mbele.

Hapo ndipo kuna kitu kizuri sana. Acha kontrola ilivyo, nyanyua kichwa, kigeuze pua itazame kilikotoka, kirudishe relini. Unategemea kitaenda upande mwingine si ndiyo? Hakiendi, kinaelekea kulekule kilikokuwa kinaelekea, sasa kikitanguliza mkia, na taa inayowaka ni ya mkiani, yaani bado ni ile iliyotangulia. Ni kwa sababu umekigeuza, kulia kwake sasa kuko kwenye reli iliyo hasi, kwa hiyo kwa upande wake yeye ameambiwa rudi nyuma. Hakuna sensa yoyote hapo, ni jiometri tupu.

Sasa taa. Taa zenyewe ni ledi, na ledi ni daiodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kama valvu ya tairi ya baiskeli: pampu inasukuma upepo unaingia, ila upepo wa ndani ukitaka kutoka ndio huohuo unaoifunga valvu, na kadiri unavyosukuma ndivyo inavyokaza. Haina mlinzi anayeamua, umbo lake ndilo linaloamua. Basi chukua ledi mbili, moja ya mbele moja ya nyuma, zifunge sambamba ila zikitazamana kinyume, mguu mrefu wa hii kwa mguu mfupi wa ile. Reli ya kulia ikiwa chanya ya mbele inapitisha na ya nyuma imefunga, ukigeuza umeme zinabadilishana.

Ukitaka kufanya mwenyewe usisahau resista, kile kifaa kinachobana umeme, ledi nyeupe inataka kama volti 3 na reli zinafika 12, zile 9 zinazobaki lazima ziishie mahali, resista ya kilo-omu moja inakupa miliampia 9 hivi na hiyo inatosha kabisa. Tumia resista moja kwa zote mbili. Ledi nyingi zinavumilia volti 5 tu za kinyume, lakini zikiwa sambamba hivyo ile inayowaka inashikilia volti kwenye 3, kwa hiyo mwenzake aliyezima yuko salama. Ukimpa kila mmoja resista yake peke yake anapigwa na 12 zote kinyume na anaweza kufa taratibu.

Taa ikipepesa usikimbilie kubadilisha ledi, kwa kawaida ni uchafu kwenye reli na magurudumu. Futa kwa spiriti kwanza. Ikiendelea watu wanaweka kapasita, kifaa kinachotunza umeme kidogo, ya 470 maikrofaradi ya volti 25 inashikilia taa kama nusu sekunde hivi ikififia, ila kapasita ya namna hii ina chanya na hasi yake, ukiipa umeme kinyume inaharibika, hata kupasuka, kwa hiyo inabidi utangulize daiodi nne zilizofungwa kama daraja. Na daraja linanyoosha umeme wa pande zote mbili, maana yake ile siri ya taa kuhama imekufa. Kwa hiyo daraja na kapasita ni za taa za ndani ya mabehewa, zinazotakiwa kuwaka treni ikienda popote, taa za kichwa ziache na ledi zake mbili.

Yote haya ni ya DC. Kwenye mfumo wa DCC, ule wa kuendesha treni kwa amri za kidijitali, umeme wa reli unageuka maelfu ya mara kwa sekunde muda wote, ledi zako mbili zikiungwa moja kwa moja kwenye reli zitaonekana zimewaka zote mbili, mbele na nyuma, huko taa inaamriwa na dikoda, kifaa kinachosoma amri hizo, iliyo ndani ya kichwa.