Kuzungumza na vijana kuhusu riwaya za vita

Tangu likizo ya Agosti tuanzishe vikao vya kusoma kwa vijana wa sekondari hapa maktabani, malalamiko hayakauki mezani. Mzazi mmoja anataka vitabu vya vita viondolewe rafuni. Mwingine anauliza mbona mwanawe amerudi bila "funzo" daftarini. Nia ni njema, hatuna shaka.

Tunasoma Afterlives cha Abdulrazak Gurnah, kilichotoka 2020. Kitabu ni cha Kiingereza, mazungumzo ni ya Kiswahili (hilo nalo limelalamikiwa). Hamza, mhusika wake mkuu, anarudi pwani kutoka jeshi la Wajerumani la Vita Vikuu vya Kwanza akichechemea, na jeraha lake hakulipata kwa adui bali kwa mkubwa wake mwenyewe. Mwanawe, aliyezaliwa vita vikiwa vimekwisha, anasikia sauti ambazo wenziwe hawazisikii. Hapo ndipo pa kutua. Uliza: mtoto huyu amerithi nini? Kisha nyamaza. Kama jibu unalolitaka ni "vita ni vibaya", hukuhitaji kumsomesha kijana riwaya nzima.

Muulize kijana habari za mhusika, usimuulize yaliyowapata kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wasomali waliokimbia vita walipiga kambi Utange, hapa Mombasa, na wajukuu wa wakimbizi tunao vikaoni. Binti mmoja alifunga kitabu, kidole kikiwa bado ndani, akasema, "Babu yangu pia hakai akaupa mlango mgongo." Hakuna aliyemchimba. Mwenzake alimsogezea kiti, tukaendelea.

Fomu ya idhini ya kijana kushiriki vikao ijazwe na mzazi au mlezi, nakala mbili, kila ukurasa utiwe sahihi, iambatane na nakala ya kitambulisho. Sahihi ya kaka haikubaliki. Tumeshasema mara ngapi? Kurekodi watoto na kuwarusha kwenye kundi la WhatsApp pia hakuruhusiwi. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa, na faini chini ya sheria hiyo yaweza kufika shilingi milioni 5.

Kikao kijacho tutakutana penye sanamu za askari wa Vita Vikuu vya Kwanza, Barabara ya Jomo Kenyatta, ambapo vijana hupita kila siku wakiwahi matatu. Mzazi atakayeandamana nasi asianze na historia. Awaachie wazitazame nyuso, halafu aulize: huyu aliporudi kwao, nani alimfungulia mlango?