"Huduma bora" si dhamira

Wiki iliyopita nimeletewa tena karatasi ile ile ya dhamira ya biashara. Jina la biashara jipya, maneno ya siku zote: "Kuwa kinara katika kutoa huduma bora, kwa weledi na ubunifu, ili kukidhi matarajio ya wateja." Mwenyewe alitaka nimnyooshee Kiswahili tu. Kiswahili hakikuwa na tatizo. Tatizo ni kwamba ndani hamna kitu.

Watu wameamini kwamba dhamira ni sentensi ya kubandika ukutani na kujazia fomu ya mkopo. Hapana! Dhamira ni uamuzi: unamhudumia nani, unamfanyia nini, na nani utamwambia kwa heshima aende kwa mwingine. Dira ni unakotaka kufika. Dhamira ni kazi unayoamka kuifanya leo. Hilo tuliache hapo.

Neno linaloniudhi ni hilo "bora". Ligeuze uone. Kuna biashara itakayoandika "tunatoa huduma mbovu"? Kama kinyume cha sentensi yako hakuna mwenye akili timamu atakayekichagua, basi na wewe hujachagua chochote. Lakini ukiandika "tunatengeneza baiskeli za mizigo tu", umechagua, kwa sababu jirani yako anaweza kushika za watoto na akaishi vizuri. Umekubali kupoteza wateja fulani, na wafanyakazi wako wanajua ni wateja gani.

Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, iliorodhesha heshima na uadilifu kati ya maadili yake, ikaanguka mwaka 2001 kwa udanganyifu wa mahesabu. Maneno yale hayakumfunga mtu mikono. Sasa tazama waraka wa maadili wa kampuni ya Marekani ya dawa na bidhaa za afya, Johnson & Johnson wa mwaka 1943: ulitaja wanaotumia bidhaa kwanza, wenye hisa mwisho. Huo ni mpangilio wenye gharama. Mwaka 1982, watu 7 walipokufa katika eneo la Chicago kwa vidonge vyake vya maumivu vya Tylenol vilivyotiwa sumu, kampuni hiyo iliondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31. Viongozi walisema waraka ule ndio uliowaongoza. Mimi siwezi kuapa kwamba bila karatasi wasingefanya hivyo. Watu waadilifu hutenda vyema hata pasipo maandishi, na nimeona biashara zinazokwenda vizuri bila dhamira iliyoandikwa. Ninachojua ni kwamba mwenye duka asipokuwepo, karatasi ndiyo inayobaki na wafanyakazi.

Mama mmoja mshonaji alinijia na sentensi ya "kinara" kama hiyo. Nikaiweka pembeni, nikamuuliza: mwezi uliopita ulikataa kazi gani? Akafikiri kidogo, akasema alikataa gauni la harusi la siku tatu, kwa kuwa shule zilikaribia kufunguliwa. Nikamuuliza sare zake zina tofauti gani. Hakujibu kwa maneno. Alivuta sketi, akaigeuza ndani nje, akanionyesha pindo pana, karibu upana wa vidole vinne, limeshonwa kwa mkono ili mzazi alifumue mwenyewe mtoto akirefuka. "Wengine hubana kitambaa hapa," akasema.

Dhamira yake ilikuwa humo kwenye pindo! Tukaandika: "Tunashona sare za shule zinazokua na mtoto, ili mzazi asinunue nyingine kila mwaka." Chini ya nusu saa tulikuwa tumemaliza. Baada ya siku chache mwanafunzi wake wa ushonaji alikuta sketi yenye pindo jembamba, akaifumua bila kuambiwa na mtu.

Lakini sitakuficha. Miezi miwili baadaye kazi zilipungua, akapokea oda kubwa ya fulana za mkutano. Alinipigia simu kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekosa, akiuliza kama sasa aifute ile sentensi. Sikuwa na moyo wa kumlaumu. Kodi ya pango haisubiri dhamira. Nilimwambia aiache, ila kila oda iliyo nje ya sare aiandike kwenye kalenda. Mwisho wa mwaka tutazihesabu pamoja. Zikiwa chache, zilikuwa za kuvukia miezi migumu. Zikizidi sare, basi biashara yake imeshabadilika, na tutakaa tena mezani kuandika upya.