Udongo anaokula mjamzito humfikiaje mtoto?

Natamani udongo hata usiku wa manane. Nina nini?

Usione haya. Hamu hiyo wanayo wajawazito wengi, ndiyo maana udongo wa kula, pemba, huuzwa sokoni kwa mafungu, na Kenya wanauita odowa. Mara nyingi anayeutamani hukutwa na upungufu wa damu. Kipi hutangulia, hamu au upungufu, wataalamu bado wanabishana. Wewe kapime wingi wa damu kliniki. Kwa mjamzito, chini ya gramu 11 kwa desilita ni pungufu.

Mama mkwe anasema mtoto atazaliwa amepakaa udongo.

Sivyo, shikamoo yake. Ule utando mweupe ni mafuta ya asili yanayokinga ngozi ya mtoto ndani ya maji ya uzazi. Hata mtoto wa mama asiyewahi kuonja udongo anaweza kuzaliwa nao. Udongo wenyewe hupita kwenye utumbo wa mama ukatoka na choo.

Basi anadhurikaje?

Kwa kile anachokosa. Udongo ukiwa tumboni hunasa madini ya chuma ya kwenye chakula, na mwili haupati kuyafyonza. Mtoto naye huchota chuma kwa mama, hasa miezi 3 ya mwisho, akajiwekea akiba ya kumfikisha kama miezi 6, kwani maziwa ya mama yana chuma kidogo. Mama akiwa hana, mtoto ataweka akiba ya nini? Upungufu mkali wa damu pia huongeza hatari ya kuzaliwa njiti, au na uzito chini ya kilo 2.5.

Kinachonitia hofu zaidi ni madini ya risasi. Si kila udongo unayo, lakini ulio nayo huwezi kuujua kwa macho wala kwa ulimi. Risasi huvuka kondo la nyuma ikadhuru ubongo unaojengeka, na athari yake huja kuonekana mtoto anapochelewa kujifunza. Kuuoka hakusaidii hapa: moto mkali huua mayai ya minyoo, risasi inabaki.

Si nameza vidonge vya kliniki?

Endelea navyo, ila udongo hunasa na chuma cha kidonge. Chai vilevile, hivyo usimezee chai. Meza kwa maji, na ukipata chungwa ule.

Nimeshakula miezi 5. Nifanyeje?

Mwambie mkunga ukweli, pamoja na kiasi unachokula kwa siku. Hawezi kukusaidia kwa jambo usilomwambia. Atapima damu, na dawa ya minyoo hutolewa baada ya miezi 3 ya kwanza, kwa hiyo wewe unaweza kupewa. Kuacha mara moja kukikushinda, punguza kila siku, na hamu ikija tafuna karanga au embe bichi. Dagaa, maharage na kisamvu visikose mezani. Ukifunga choo siku kadhaa, tumbo likajaa na kuuma huku unatapika, nenda hospitali siku hiyohiyo: udongo unaweza kuziba utumbo.